Mgeni Wetu ni Soprano: Namna ya Kumpokea Homa Bay na Migori

Ukisikia kwamba Leontyne Price anakuja kulala kwako, usichinje jogoo. Anakuja ndani ya simu. Hali, hanywi, haombi maji ya kuoga, wala hatauliza mbona ua wa bafu umeegemea upande mmoja. Anachotaka ni saa mbili za utulivu, na hapo ndipo kazi inapoanzia, kwa maana utulivu ni bidhaa adimu kuanzia Isebania hadi Kendu Bay.

Nimempokea mgeni huyu kwa miaka mingi, kwanza katika chumba cha kupanga pale Rongo, sasa katika nyumba ya mabati hapa Homa Bay. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Sina piano; nina daftari la solfa na kifilimbi cha kutolea sauti ya kuanzia. Naandika kwa ajili ya mwanakwaya ambaye amewahi kusikia sauti ya aina hii mahali fulani, ikamshika shingoni, kisha akaizima haraka kwa kuogopa kuchekwa. Usiizime. Wahenga walishatuachia utaratibu wa kumpokea mgeni: siku mbili mtendee kama mgeni, ya tatu mpe jembe. Sijapata utaratibu mwingine wa kumsikiliza soprano unaoushinda huo.

Lakini kabla ya siku ya kwanza, mjue kwao. Alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, Marekani. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama yake alikuwa mkunga, na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mtu aliyelelewa karibu na Gendia anaijua nyumba hiyo bila kuelezwa. Pale Gendia, Waadventista walifungua misheni mwaka 1906, Arthur Carscallen akifuatana na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo, na tangu hapo watoto wa upande huu wa ziwa wamekua wakijua so inakaa wapi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Price naye alitoka kwenye benchi la kwaya. Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa Jackson kumsikia Marian Anderson, na safari ile haikumtoka. Mwaka 1955 Anderson akawa mweusi wa kwanza kuimba kama mhusika katika Metropolitan Opera ya New York. Tarehe 27 Januari 1961 Price akasimama kwenye jukwaa lilo hilo katika Il trovatore ya Verdi, na makofi yaliripotiwa kuendelea kwa dakika 42. Dakika 42! Matatu isiyosimama ovyo imeshakutoa Rongo na kukukaribisha Homa Bay.

Sasa chagua saa. Asubuhi haifai, kinu cha unga kinanguruma. Adhuhuri mabati yanalia kwa jua. Jioni kuna ohangla kutoka baa, nami sina neno baya juu ya ohangla. Ina haki yake na ilifika hapa mapema. Mvua ikianza, zima simu ulale, kwa kuwa hajazaliwa soprano wa kuishinda mvua ya Aprili juu ya mabati ya geji 30. Saa yangu mimi ni saa nne usiku, giza la mwezi, wakati wavuvi wa omena wamewasha taa zao na ziwa limekuwa kama mji mwingine ng'ambo.

Usiiweke simu ndani ya sufuria. Najua kila mtu hufanya hivyo, na kwa benga sufuria inafaa sana, gitaa la benga linapenda chuma. Soprano akifika do ya juu, sufuria nayo inaimba yake, unasikia wawili wakigombana. Tafuta chungu cha udongo, kile cha maji ya kunywa, kikiwa kitupu na kikavu, ukilaze mdomo ukielekea kitanda. Udongo haubishani na mtu.

Na umwarifu jirani. Hili nililijifunza usiku wa kwanza pale Rongo. Kwetu, sauti ya mwanamke ikipanda juu usiku, ikakaa huko, haina tafsiri mbili: kuna aliyetutoka, na watu hukimbia bila kuuliza. Nilikuwa nimefika mwisho wa opera ya Aida, mlango ukagongwa. Mama wa chumba cha pili alikuwa amejifunga leso kiunoni, taa mkononi.

"Mwalimu, ni nani?"

Nikamwambia, "Mama, ni Aida."

"Wa nyumba gani?"

Nikamkalisha, nikamweleza. Kwamba Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akafanywa mjakazi Misri. Kwamba alimpenda Radames, jemadari wa maadui zake. Kwamba Radames amehukumiwa kuzikwa akiwa hai, na alipoingia kaburini akamkuta Aida humo gizani, ametangulia kujificha ili afe naye. Mama yule aliweka taa chini. Akauliza swali ambalo sijasikia mtu mwingine akiuliza: "Na mama yake aliambiwa?" Kisha akaniagiza nianze upya, toka mwanzo. Kiitaliano hakikumzuia hata kidogo. Alikuwa amelia misiba mingi kwa dengo, maombolezo yale ya Kijaluo ambayo mtu humwimbia marehemu kwa maneno anayoyatunga papo hapo, na masikio yake yalijua kutofautisha kilio cha kweli na kelele. Cha Price alikipitisha.

Siku ya kwanza, basi, mpe mgeni kiti, umwache aongee. Mwanzie Aida, tendo la tatu. Price aliirekodi opera hiyo nzima mara mbili, kwanza Roma chini ya Georg Solti, halafu mwaka 1970 chini ya Erich Leinsdorf. Mimi hukaa na ile ya Roma, sauti bado ina umande. Tafuta aria ya "O patria mia". Ni usiku, ukingoni mwa Nile, Aida anamngoja mpenzi wake huku akiiaga nchi yake, akijua hataiona tena.

Hapo simamisha simu. Fikiria maji yale yametoka wapi. Mto Kuja unashuka kutoka milima ya Kisii, unaupokea mto Migori, unaingia ziwani kule Nyatike. Maji ya ziwa yanatokea Jinja. Kutoka Jinja maji yanapita Uganda na Sudan mbili hadi Misri. Mto ambao Aida analia ukingoni mwake umepita kwanza mbele ya nguo zinazofuliwa Migori. Na Wajaluo wenyewe, kama wazee wanavyosimulia na wanahistoria wanavyokubali, walikuja huku wakiupandisha mto huo huo kutoka Bahr el Ghazal, kizazi baada ya kizazi, wakiacha makaburi nyuma. Ukiambiwa kwamba opera ni muziki wa watu wengine, jibu kwamba aria hii ni ya mtu anayeukumbuka upande wa juu wa mto, na upande wa juu wa mto ni kwetu.

Opera yenyewe ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, kwa agizo la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na Verdi, mtunzi wake, hakwenda. Ilikuwa imechelewa, kwa kuwa mapambo na mavazi yake yalikwama Paris, mji ukiwa umezingirwa na Waprusia. Kuna jambo moja zaidi ambalo huwaambia wanakwaya wangu kila mara. Ndani ya opera ile Misri inaishinda Ethiopia na kupita kwa shangwe na tarumbeta. Miaka michache baadaye Ismail alituma majeshi ya kweli, na Waethiopia wakayavunja Gundet mwaka 1875, kisha Gura mwaka 1876. Ukisikiliza gwaride la ushindi, sikiliza ukiwa na hilo kichwani.

Huenda unajiuliza aria ni nini hasa. Wengi huambiwa ni wimbo mgumu wa kuimba peke yako, na maelezo hayo hayamsaidii mtu. Umewahi kukaa kwenye nyatiti? Mpigaji yuko chini kwenye kigoda, nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, njuga zinalia. Ghafla mtu anasimama, anatoa noti, ananyamazisha muziki, na anajitaja: yeye ni nani, mtoto wa nani, anampenda nani, nani asijaribu kumgusa. Akimaliza, muziki unaendelea palepale ulipoachwa. Hiyo ndiyo pakruok. Aria inafanya kazi hiyo hiyo. Hadithi inasimama, mhusika anatoka mbele, anasema moyo wake wote, halafu mambo yanaendelea. Katika Kinyozi wa Seville ya Rossini, ya mwaka 1816, yule Figaro anaingia akijisifu kazi yake na kuliita jina lake mwenyewe tena na tena. Mcheze huyo mbele ya watu wa Migori uone kama hakuna atakayeingiza mkono mfukoni kutafuta noti.

Siku ya pili mgeni ameshazoea, amevua viatu. Sasa mpe nyimbo za jukwaani za Marekani. Wako walimu wa kwaya wanaoziona hizi kuwa za kiwango cha chini, kana kwamba mtu aliyeimba Verdi akiimba Gershwin ameshuka ngazi. Nimewasikia kwenye semina na nimewapinga hapohapo. Price mwenyewe alijulikana kwanza kwa Porgy and Bess ya Gershwin, akizunguka nayo tangu 1952 kama Bess, na William Warfield, aliyemwoa mwaka huo, akiwa Porgy. Mwaka 1963 wawili hao wakarekodi sehemu zake kuu. Gershwin aliiita opera tangu ilipotoka mwaka 1935, na watu wamebishana tangu hapo kama ni opera au mchezo wa nyimbo. Kwa mtu wa ziwani ubishi huo una uzito mdogo, kwa sababu kinachotangulia kumgonga ni kingine: ni hadithi ya mtaa wa wavuvi.

"Summertime" imeimbwa kila mahali mpaka watu wamesahau ni nini. Ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Anayeimba ni Clara, na mumewe Jake ni mvuvi. Anamwahidi mtoto kwamba mambo ni mazuri, baba yupo, mama yupo. Baadaye Jake anaingia majini na tufani inampata. Clara anatoka kumtafuta, naye harudi. Mtoto anabaki mikononi mwa Bess, na Bess anamwimbia wimbo uleule. Katika rekodi ya 1963 Price anaiimba "Summertime" pia, taratibu, sauti ikielea kama haijui kitakachokuja. Nimeichezea kundi la wanawake wanaouza samaki Mbita. Nilianza na hadithi, ndipo nikawasha wimbo. Hakuna aliyeongea ulipokwisha. Mmoja alinyanyua karai lake, akatoka nje, akakaa akitazama maji. Kwenye ufuo wowote wa kaunti hizi mbili, kutoka Muhuru hadi Kendu, hutakosa mtu aliyelea mtoto wa mvuvi asiyerudi.

Baada ya hapo mtafutie albamu ya "Right as the Rain" ya mwaka 1967, Price na André Previn kwenye piano, nyimbo za jukwaa na za mapenzi. Utadhani mwimbaji amebadilishwa. Sababu ni ya ufundi, na inafaa kuijua. Mwimbaji wa opera huimba bila kipaza sauti juu ya okestra nzima. Anaweza kwa sababu amefunzwa kukusanya nguvu ya sauti yake mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Ndiyo maana mama wa Rongo alimsikia kupitia ukuta. Sigalagala, vigelegele vyetu, nayo hupita hivyo kutoka kijiji hadi kijiji. Kwenye wimbo wa kipaza sauti nguvu hiyo haihitajiki. Mwimbaji anashuka, anasogea karibu, neno linatangulia mbele ya sauti. Price anashuka hadi kwenye sauti ya chini, yenye moshi, kama mtu anayezungumza nawe jikoni. Si kila wimbo wa albamu ile unanikaa. Kuna pale ambapo sauti inakuwa kubwa kuliko nyumba ya wimbo. Lakini inapokaa, inakaa.

Kama usiku bado ni mrefu, mwite na Paul Robeson, besi, aje na "Ol' Man River" kutoka Show Boat, mchezo wa mwaka 1927. Ni wimbo wa mto Mississippi, mto wa jimbo alikozaliwa Price. Robeson huyo alisoma Kiswahili London mwaka 1934, na katika filamu ya Sanders of the River iliyotoka 1935, yeye akiwa nyota, Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa waigizaji wadogo. Kwa hiyo ukimkaribisha unaweza kumwamkia kwa lugha yako bila wasiwasi.

Siku ya tatu ni ya jembe.

Mgeni aliyeshiba ziwani afanye kazi. Na kazi ya kwanza ya kumpa Price ni irabu. Hapa nataka kila mwalimu wa kwaya wa Awendo, Ndhiwa, Oyugis na Kehancha anisikilize vizuri. Kiitaliano kinaimbika kwa sababu irabu zake ni safi: a ni a, toka inapoanza hadi inapoisha. Mwimbaji Mwingereza hutumia miaka akijifunza kutoipinda. Mtoto wetu anayesema Kiswahili amezaliwa nazo, a, e, i, o, u, zimenyooka. Halafu tunamfundisha kuzipinda! Tunamwambia aimbe "Mungu" kama mtangazaji wa redio wa kigeni, tunaliita hilo uzuri wa sauti. Mchezee Price, mwambie afuate midomo ya irabu tu bila maneno, halafu mrudishe kwenye wimbo wake wa Nyimbo za Kristo. Utasikia kanisa limeongezeka upana.

Kazi ya pili ni pumzi. Hesabu anavuta pumzi mara ngapi ndani ya "O patria mia", na uone kwamba havuti kamwe katikati ya fikra.

Kuna kazi moja usimpe: asiwe wa kuigwa. Msichana wa kidato cha pili akimsikia Price hutaka ile sauti nene, yenye kivuli, na ataitafuta kwa kukaza koo. Mzuie. Price alikuwa na miaka 33 alipoimba Aida pale La Scala ya Milano mwaka 1960, akiwa na miaka ya mafunzo nyuma yake. Wa miaka 15 apewe wimbo mwepesi, wa katikati, aimbe akiwa amesimama wima na magoti yamelegea, na aimbe mbele ya watu. Tuna pa kumpeleka: Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, rika moja na Price, na limebeba watoto wa shule hadi leo. Nimeona wasichana kutoka shule zisizo na kinanda hata kimoja wakisimama pale na wimbo wa Kizungu wa mtu mmoja, mwalimu akiwa amewafundisha kwa solfa ubaoni, sauti ikatoka kama maji ya chemchemi.

Na sisi hatuanzi sifuri. Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, soprano wa Kenya, alianzisha Baraka Opera Trust, na kupitia kwake jukwaa la Nairobi limeona Ondieki the Fisherman ya Francis Chandler, halafu mwaka 2020 Nyanga: Runaway Grandmother, opera iliyotokana na maisha ya bibi yake mwenyewe. Opera juu ya bibi aliyetoroka! Kila boma la huku lina bibi wa namna hiyo.

Natamani nyingine. Kule Nyandiwa, Gwassi, yuko Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini ambaye wavu wake ulitoa ziwani bibi kizee mwenye jicho moja. Alimpeleka nyumbani, na boma likajaa ng'ombe. Siku moja, pombe kichwani, akamtukana. Bibi akainuka, akarudi ziwani, na kila mnyama akamfuata, na Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake akitazama hadi akawa mti. Wacheki wana mwanamke wao wa majini, Rusalka wa Dvořák, aliyeimba Prague tangu 1901. Wetu bado anasubiri noti. Nasikia kabisa aria yake: ng'ombe wa mwisho ameshaingia majini, yeye amefika kiunoni, anageuka. Iwe katika Kijaluo. Iwe soprano. Nyatiti iwe ndani ya okestra, na pete ya chuma isikike.

Mwezi wa Agosti uliopita niliwachukua wanakwaya wanne hadi ufuo wa Karungu, jua likizama, mashua za omena zikijiandaa. Nilimwambia mdogo wao avue viatu, aingie maji ya kifundoni, atoe a moja tu, ndefu, bila kuisukuma. Alinitazama kwanza kuhakikisha sitanii. Akavuta pumzi hadi chini ya mbavu, akaitoa. Mbali kidogo, mvuvi aliyekuwa akijaza karabai mafuta aliacha alichokuwa akifanya, akainua mkono, na kutoka kule majini akamwitikia.